Jiko Moja, Kaya Moja

Jumanne, 4 Machi

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi tumepoteza Daftari la Tatu, lenye kaya 412 za mtaa wa bondeni. Naandika hadi dakika kwa sababu najua kuna siku mtu atauliza, na mimi sipendi kujibu "kama saa nne hivi".

Mvua ya kwanza ya msimu ilianza kabla hatujafungua milango ya ofisi ya kata. Saa tatu dari la chumba cha kumbukumbu likaanza kudondosha maji. Mimi nilikuwa dirishani na foleni ya watu thelathini na kitu. Saa nne na dakika kumi kipande cha dari kikubwa kama mlango kikashuka chote, pamoja na maji yaliyokuwa yamejikusanya juu yake, kikatua kwenye kabati. Daftari la Kwanza, la mlimani, na la Pili, la sokoni, yamepona, sijui kwa bahati gani. La Tatu nimelitoa majini kwa mikono yangu. Nililiandika kwa kalamu ya wino kwa kuwa napenda mwandiko unavyotulia. Kurasa 103, kaya nne kila ukurasa, zimegeuka kama shuka lililochuja rangi.

Barua nilizoandika kuomba paa litengenezwe: saba. Ya kwanza ina miaka sita. Majibu niliyopata: mawili, yote yakisema suala langu limepokelewa.

Nimemkaripia naibu wangu mbele ya watu. Ndiye mwenye ufunguo wa chumba kile. "Ulikuwa wapi wewe, maji yanaingia?" Akaanza, "Mama, tutaweka mchakato wa..." Nikamkatisha. Kwake kila kitu ni mchakato, ndiyo maana ofisi nzima, hata watu wa foleni, wanamwita Mchakato. Ana miaka arobaini na mmoja na shahada mbili. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, nikajua kachelewa, kaja kwa kukimbia kwenye madimbwi.

Nakiri jambo moja humu, maana shajara haina wa kunicheka. Mwaka juzi Mchakato aliniomba aingize Daftari la Tatu kwenye kompyuta. Nilimwambia kitabu hakihitaji umeme.

Jumatano, 5 Machi

Mhudumu wetu wa usafi kaleta pasi kutoka kwake, kanyoosha kurasa moja moja chini ya kitambaa kama anyooshavyo sare ya shule. Zinazosomeka ni sita. Kaya 24. Kaya 388 zimekwenda na maji.

Ijumaa, 7 Machi

Barua ya makao makuu imefika, na imejua kuchagua wiki. Mradi wa maji ya bomba unaingia kata yetu msimu huu. Kaya iliyo kwenye orodha itapata bomba. Isiyo kwenye orodha itasubiri awamu ijayo. Majina yafike kabla ya kufungwa ofisi tarehe 30 Aprili. Awamu iliyopita ilikuwa miaka kumi na moja nyuma, kwa hiyo "awamu ijayo" naweza kuipigia hesabu: mtoto anayezaliwa leo atakuwa anamaliza shule ya msingi.

Watu wa bondeni wanachota kwenye kisima kilicho hatua 1,140 kutoka nyumba ya mwisho. Nilizihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi. Sasa hivi maji yamewazingira pande zote, na ya kunywa hayapo.

Nimempigia simu mkurugenzi wa maji.

"Mama, si tunayo nambari? 412, iko kwenye ripoti yako ya mwaka jana."

"Nambari unayo. Majina huna, na mimi sina."

"Basi tafuta majina 412, mama yangu."

Kana kwamba yanauzwa.

Jumatatu, 10 Machi

Tunakwenda nyumba kwa nyumba, mimi na Mchakato. Kuanzia kesho hadi tarehe 29 Aprili kuna siku za kazi 36. Kaya kumi na mbili kwa siku zinatosha, mradi asiugue mtu. Tumekubaliana na Jumamosi pia.

Tukabishana juu ya fomu. Mwaka nilipopandishwa kutoka ufagio hadi kalamu, watu walikuwa wakigombana pale dirishani kaya ni nini hasa. Wengine walihesabu paa, wengine vitanda, mmoja alihesabu milango. Nikaweka kanuni: jiko moja, kaya moja. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja hata wakilala vyumba sita. Wakubwa waliokuja na kuondoka wote waliikuta na kuiacha.

Mchakato akasema, "Tungeongeza maswali mawili matatu, mama. Mazingira hubadilika."

"Swali ni moja. Jiko liko wapi?"

Akafunga kalamu yake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Kaya 9. Kiatu cha kushoto kimefunguka mdomo.

Jumamosi, 15 Machi

Leo zamu ya Mzee Pingamizi, dereva wa malori mstaafu, aliyepinga kila kitu kilichowahi kufanywa katika kata hii, pamoja na vile alivyoviomba mwenyewe. Anaishi na wanawe wawili wenye wake na watoto, ua mmoja.

"Karibu, binti yangu," akaniambia. Mimi nina miaka hamsini na tisa. "Umekuja kuniandika tena? Si ulishaniandika ukiwa mwembamba?"

"Mzee, daftari limelowa."

"Napinga. Mimi sijalowa. Niko vilevile ulivyoniacha."

Nikazunguka ua. Jiko la mkaa chumbani kwa mkwe mkubwa, jiko chumbani kwa mkwe mdogo, na la tatu barazani anapochemshia chai mzee mwenyewe. Nikaandika kaya tatu.

"Tatu za nini? Sisi ni nyumba moja."

"Majiko matatu nimeyaona kwa macho yangu, mzee."

"Macho yako ni ya serikali, yanaona kinachotakiwa kuonekana. Napinga!"

Mkwe mdogo akacheka hadi akashika mlango. "Mama, andika tu twende. Akipinga baba, ujue kapona mafua."

Kaya 15 kwa siku moja. Hatujawahi kufika hapo tangu tuanze.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Kaya 11. Mchakato kateleza mtaroni, fomu kaziinua juu ya kichwa, yeye kazama. Hakuna fomu iliyolowa. Nimelazimika kumsifu.

Jumatatu, 24 Machi

Mhudumu alinifuata nikinywa chai. "Bosi, nikwambie kitu, hutanuna?"

"Sema."

"Yale madaftari mawili yaliyopona hayakupona yenyewe. Yule bwana Mchakato, dari lilipoanza kutoa maji, aliingia peke yake. Akatoa la kwanza, akatoa la pili, akayaweka juu ya kabati la chuma chumba cha mbele. Alikuwa anarudia la tatu dari likashuka. Lilimkosa kichwa hivi." Akanionyesha kwa vidole. Nafasi ya kupita kijiko.

"Mbona hakusema?"

"Aseme saa ngapi, bosi, na wewe ulikuwa unanguruma?"

Chai ilinipoa mkononi. Kaya ngapi ziko katika madaftari hayo mawili? 967. Mtu kaniokolea kaya 967 na mimi nikamlipa kelele mbele ya foleni. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Kaya 14. Jumla hadi leo 226.

Baba Watoto kanikandia miguu kwa maji ya chumvi. Maisha yake yote ni fundi wa baiskeli, basi ananishika mguu kama anatafuta pancha. "Umri huu wa kustaafu ndio umeamua kutembea?" akaniuliza. Nimebakiza miezi miwili. Siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa, tarehe 30 Mei.

Niliingia ofisi ile nikiwa na miaka kumi na minane, na ufagio. Shule niliimalizia jioni, miaka sita, Baba Watoto akinisubiri nje na baiskeli. Karani mkuu wa wakati ule aliniachia mashine ya kuchapa saa ya chakula, kila siku, akajifanya haoni. Hakuna aliyenishika mkono kunipandisha ngazi, hilo nalisema na nitalisema. Lakini kuna walioacha mlango wazi wakajifanya wamesahau kuufunga. Hao sikuwahi kuwahesabu, mimi ninayehesabu kila kitu. Leo nimejaribu. Nimefika kumi na wanne nikalala kitini.

Alhamisi, 3 Aprili

Kwenye nyumba ya nyuma kabisa, maji ya magoti mlangoni, tumemkuta mama mgonjwa kitandani. Kasikia sauti yangu tu akasema, "Huyo ndiye aliyemwandikia mwanangu barua ya shule." Sikumkumbuka hata kidogo. Mtoto hakuwa na cheti, shule ilimkataa, mimi karani mpya nikaandika barua kwa jina langu na kugonga muhuri ambao sikuruhusiwa kuugusa. Ningeweza kufukuzwa.

"Yuko wapi sasa?"

"Muuguzi. Hizo dawa mezani kaleta yeye."

Mchakato akawa anaandika, akaandika, nikamwona anajifuta uso kwa kisingizio cha mvua. Tulikuwa ndani ya nyumba.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Kaya 10.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumemaliza! Siku 33, Jumamosi tano ndani yake. Wastani wa kaya kumi na tatu na ushee kwa siku, kwenye matope. Jumla: kaya 439.

Nimeitazama nambari hiyo mara tatu. Mwaka jana 412. Zimeongezeka 27. Nimejumlisha upya kutoka chini kwenda juu. 439.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimepeleka nambari makao makuu. Baada ya dakika ishirini simu ikalia.

"Mama, bondeni wamezaa kaya ishirini na saba kwa mvua moja?"

"Nimehesabu nyumba kwa nyumba, mkurugenzi."

"Sisemi hukuhesabu. Nasema watu wakisikia bomba, kila mpwa anakuwa na kaya yake. Umezeeka kazini, mama, unajua wanavyofanya. Na unaondoka mwezi ujao." Akashusha sauti. "Watu wengine wakikaribia kuondoka hupenda kuagana vizuri na majirani."

Miaka arobaini na mmoja. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu mzima akiwa na akili zake.

Kisha akaniwekea mezani: ama nikate 27 orodha ipite, ama niziache 439 na bondeni yote ipelekwe kwenye uhakiki. Nikamwuliza uhakiki utachukua muda gani. Akasema kwa awamu hii hautawahi. Yaani kaya zote, zile za haki na zile za shaka, hatua 1,140 kwenda na 1,140 kurudi, hadi mtoto wa leo amalize shule ya msingi.

Niliweka simu chini nikachukua fomu. Nilianza kweli. Nilitafuta mjane mmoja anayeishi peke yake, mtu asiye na wa kumsemea. Kalamu ikafika juu ya jina lake. Nikaikunja fomu nikaenda nyumbani saa tisa, bila kuaga. Sijawahi kutoka ofisini kabla ya saa.

Jumapili, 20 Aprili

Asubuhi nilikuwa nawakasirikia watu wa bondeni wote. Akilini niliwaona wakicheka nyuma yangu: mama wa serikali kaja, leteni jiko la jirani haraka. Pingamizi nilimpa nafasi ya kwanza katika orodha ya wahaini.

Saa nne hodi. Mchakato, na bahasha.

"Mama, samahani kwa Jumapili. Nimeangalia zile kurasa sita zilizopona. Kaya 24 za daftari la zamani. Nimezitafuta kwenye fomu zetu mpya, moja moja."

"Umepata ngapi?"

"26. Kaya 23 ziko vilevile. Moja tu imekuwa tatu."

Akaweka ukurasa mezani. Mwandiko wangu, wino umechuja lakini unasomeka. Ua wa Pingamizi: watu kumi na wanne, jiko moja.

Sikungoja chai iive. Tulifika kwake tumelowa, naye yuko barazani kama aliyekuwa akitungoja.

"Mzee," nikamwambia, "mwaka jana nilipokuja, jiko lilikuwa wapi?"

"Pale." Akanyoosha fimbo kwenye banda la uani. Banda lilikuwa na maji ya kufika kwenye mapaja, sufuria moja inaelea. "Kiangazi tunapika pale, chungu kimoja, watu kumi na wanne, na mimi ndiye napewa kwanza. Mvua ikinyesha kila mke anajipikia chumbani kwake. Ikikata tunarudi. Nilikwambia sisi ni nyumba moja. Nilipinga!"

"Ulipinga, baba," mkwe mdogo akadakia kutoka chumbani, "lakini huwa unapinga hata jua."

Nikaketi kwenye kigogo cha pale mlangoni. Kila mwaka nimekuwa nikilisahihisha Daftari la Tatu mwezi wa tisa, njia zikiwa kavu. Sijawahi kuingia bondeni kuhesabu wakati wa mvua hata mara moja. Kanuni niliitunga mimi, nikaitetea mbele ya wakubwa sita, na sikuwahi kujiuliza kama jiko linahama. Wala hakuna aliyenidanganya. Nilihesabu moto, na moto wa masika umetawanyika.

Njiani kurudi nilisimama katikati ya dimbwi. "Bwana Mchakato."

"Naam, mama."

"Tarehe nne Machi nilikukaripia bure. Madaftari mawili uliyaokoa wewe. Nimelijua hilo karibu mwezi mzima na sikusema. Na ulitaka kuongeza maswali, nikakuziba mdomo. Samahani, mdogo wangu."

"Mama, hilo lilishapita."

"Halikupita. Lilikuwa bado halijasemwa."

Akatazama viatu vyake. "Basi naomba na mimi niseme. Hilo jina la Mchakato nalijua muda mrefu. Mke wangu naye ananiita hivyohivyo."

Tukacheka hadi mtu akafungua dirisha kututazama.

Jumatatu, 21 Aprili

Nyua zenye jiko zaidi ya moja ni 58. Tunarudi zote. Swali jipya, la Mchakato: kiangazi mnapika wapi, na nani?

Alhamisi, 24 Aprili

Nilifikiri watatufukuza. Mtu ukimwambia kaya zake tatu sasa ni moja, na mabomba yake matatu sasa ni moja, unategemea matusi. Mwanamke mmoja kaniuliza, "Tukisema tunapika pamoja tutapata moja?" Nikasema ndiyo. "Na tukisema mbalimbali?" Nikasema mbili, na huenda wote msipate. Akawaita wifi zake, wakanong'onezana, akarudi. "Tunapika pamoja. Ila andika kwamba chumvi naweka mimi."

Nyua 41 hadi leo. Waliojaribu kunidanganya: wawili. Wote wawili watoto wao waliwasahihisha palepale.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepiga hesabu kwa njia mbili, kama nilivyojifunza jioni zile.

Njia ya kwanza: kaya 439, toa majiko 31 yaliyotawanywa na mvua, unapata 408.

Njia ya pili: kaya 412 za mwaka jana, toa 9 ambazo majirani wamethibitisha zimehama, ongeza 5 zilizohamia, unapata 408.

Niliiweka karatasi chini nikaenda kusimama dirishani. Furaha ya hesabu inayokubali kutoka pande zote mbili siwezi kumweleza mtu asiyeipenda. Baba Watoto nilimweleza, akasema, "Kama gurudumu lililonyooka." Yeye alielewa.

Mchakato aliuliza, si kwa ubaya, kama tusingeongeza nne zifike 412 ili makao makuu wasisumbuke. Kabla sijajibu akajijibu, "Hapana. Tutapeleka nne pungufu, waone ni nani anayeagana na majirani."

Jumanne, 29 Aprili

Nimeipeleka orodha kwa mkono. Kurasa 34, kaya kumi na mbili kila ukurasa, na maelezo ya kosa langu, ukurasa mmoja, bila kujitetea. Imepigwa muhuri masjala saa tano na dakika tano asubuhi. Mkurugenzi alikuwa kikaoni. Nakala nne: moja kwao, mbili ofisini, moja kwenye kompyuta. Ndiyo, kwenye kompyuta.

Jumatatu, 5 Mei

Kimya.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga simu. "Linashughulikiwa."

Jumanne, 13 Mei

Linashughulikiwa. Mvua imepungua, ya asubuhi tu.

Ijumaa, 16 Mei

Malori ya mabomba yamepita mbele ya ofisi, sita. Watu walitoka madukani wakapiga makofi. Mama mmoja wa mlimani kaingia hadi dirishani kunishika mikono yote miwili kupitia nondo, foleni nzima ikitazama. Nimefurahi naye kweli. Kaya 967 za madaftari mawili zitapata maji, na aliyeyatoa madaftari hayo alikuwa ameketi meza ya pili akijifanya anachonga penseli. Nilimwambia yule mama, "Mshukuru yule bwana." Akaenda akamshukuru. Mchakato hakujua aweke wapi uso wake.

Jumanne, 20 Mei

Nimemfuata msimamizi wa mafundi pale njia panda, mahali barabara inaposhuka bondeni. Mtu mstaarabu, matope hadi kwenye nyusi.

"Mchoro wangu unaishia hapa, mama. Chini ya hapa nimepewa karatasi nyeupe."

"Kuna kaya 408 kwenye hiyo karatasi nyeupe."

"Naziona. Wananiletea chai." Akavua kofia. "Mashine zangu zinahamia kata nyingine Jumatatu asubuhi, tarehe mbili Juni. Nikipata neno kabla ya Ijumaa mchana, tarehe thelathini, nazuia malori, nachimba hadi chini. Nikilipata Jumatatu, utakuwa unaongea na vumbi."

Nimemshukuru. Ni mtu wa kwanza tangu Machi aliyenipa tarehe bila kuombwa.

Alhamisi, 22 Mei

Simu mbili. Kikaoni. Kikaoni.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekata. Nilipita uani kwa Pingamizi nikakuta moto mmoja bandani na watu kumi na wanne. Wakanikaribisha, nikala. Mzee alipinga ukubwa wa sahani yangu, akisema ni ndogo.

Ofisini wanataka kuniandalia sherehe ya kuniaga. Nimewaambia Ijumaa mchana nitakuwa na kazi. Sijivuni. Ninachotaka ni kuondoka nikijua. Nimehudumu miaka arobaini na mmoja, na watu wamenipa zaidi ya nilivyowapa. Kwa hilo sina manung'uniko, na manung'uniko ni fani yangu. Mchakato atakaimu nafasi yangu. Miezi mitatu iliyopita ningeandika barua kumpinga. Jana nimeandika ya kumpendekeza, kurasa mbili, na ingetosha moja.

Jumatano, 28 Mei

Leo nimepeleka barua hii kwa mkono, nikasubiri hadi ikafunguliwa. Nainakili humu.

*Kwa Mkurugenzi wa Maji.*

*Tarehe 18 Aprili ulitilia shaka kaya 439. Ulikuwa na haki, na nakushukuru. Usingetilia shaka nisingerudi, na nisingeligundua kosa langu. Maneno yako kuhusu kuagana na majirani nayo nimeyatunza, ila kwa hayo sikushukuru.*

*Tarehe 29 Aprili, saa tano na dakika tano asubuhi, masjala yako ilipokea orodha ya kaya 408, majina yote, pamoja na maelezo. Ni siku 29 leo. Nimepiga simu mara kumi na moja. Nimejibiwa "linashughulikiwa" mara saba na "kikaoni" mara nne. Mafundi wako njia panda. Wanaondoka Jumatatu. Msimamizi wao anahitaji neno lako kabla ya Ijumaa mchana, na neno hilo hawezi kulitoa mtu mwingine yeyote.*

*Sikuombi fadhila. Kama orodha ina kosa, nionyeshe ukurasa, nitakuja kwa miguu kulisahihisha. Kama haina kosa, watu hawa wana haki ya kujua, na mimi nina haki ya kuwaambia nikiwa bado kwenye kiti changu. Ijumaa nitakuwa dirishani tangu asubuhi. Watu wa bondeni wamesema watakuja kulisikia jibu wenyewe. Nimewaambia foleni ianzie kushoto.*

*Kaya 408 zimo, au hazimo? Nijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana, kwa maandishi na kwa sahihi yako, kabla ya saa sita kamili mchana, Ijumaa tarehe 30 Mei.*